Mchele Tusioula

Bweni la Wasichana, Sekondari ya Wilaya
14 Aprili 2013

Babu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na kwamba sikio la kulia bado linapokea habari. Mchele wa kaskazini ulionitumia umefika salama. Asante.

Gunia lililokuja na barua hii linanuka vibaya. Nakuomba usilitupe kabla hujafika mwisho wa barua.

Unajua kinachonisumbua. Vuli iliyopita watu wa wilaya walipima mpunga wetu wakakuta kadimi, ile metali inayotoka mgodini, mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa. Walisema wanatupa msimu mmoja tu. Vuli hii wakipima tena na tukashindwa, shamba letu litaondolewa kwenye mpunga na kupandwa mimea ya nyuzi za magunia. Uliwajibu kwamba hujawahi kuona mtu akila gunia. Wakacheka, lakini waliandika. Shamba hilo baba yako alilichonga kwenye mteremko kwa jembe. Sitaki liwe la magunia.

Ila sitaki pia liendelee kama lilivyo, na naomba unisamehe nikisema wazi. Kijiji chetu kinalima mpunga, kinamuuzia Kuang mwenye lori, halafu kinanunua mchele wa kaskazini kwa ajili ya matumbo yake. Wote tunajua, na tukikutana njiani tunaongea habari za mvua. Bi Pan hata kuku wake hawapi punje ya mpunga wake mwenyewe. Nikiwaza kwamba mahali fulani kuna mtu anafunua sufuria na kusema wali huu unanukia vizuri, kichefuchefu kinanipanda mpaka kooni.

Sasa kuhusu gunia. Mwalimu wetu wa kemia, Mwalimu Fu, ametufundisha kwamba ganda la kamba wa mtoni, wale wekundu wenye magando, lina kitu kinachoshika metali iliyoyeyuka majini, kama soksi ya sufu inavyoshika mbegu za nyasi ukipita porini. Maji yanapita, metali inabaki kwenye ganda. Hakuna dawa ya kununua. Basi kila Jumapili asubuhi mimi na Miaozhen, msichana anayelala kitanda cha juu yangu, tunakwenda kwenye vibanda vya kamba kando ya mto kuokota mabaki ya jana yake.

Babu, watu ni wachafu. Maganda yamenyonywa na kutemwa, yamegandana kwa mafuta ya pilipili, na ndani yake mna vipande vya sigara, vijiti vya kuchokolea meno, karatasi walizopengea kamasi, na makohozi. Chini kabisa ya ndoo mna funza. Miaozhen alitapika mara ya kwanza, akafuta mdomo, akaendelea kuokota. Kisha tunaosha, tunaloweka kwenye siki, na Mwalimu anayachemsha kwa magadi makali huku sisi tumesimama mbali. Yakikauka tunayasaga. Harufu haiishi. Wenzetu wa bweni wameviweka viatu vyetu nje ya mlango.

Tafadhali yatie kwenye vile vifuko vya wavu nilivyoshona, uvipange mahali mfereji unapoingia shambani, ili maji ya mgodi yapite katikati yake kabla hayajagusa mpunga. Kisha jaza chupa moja ya maji ya juu ya vifuko na moja ya maji ya chini yake, unitumie.

Mjukuu wako,
Caiwei


Kijijini
23 Aprili 2013

Weiwei,

Gunia lako lilifika kabla ya basi. Nilikuwa nimesimama kwenye kona, upepo ukanipa habari. Kondakta alilishusha kwa ncha za vidole huku midomo yake ikicheza. Nikamwambia aseme kwenye sikio la kulia. Akasema, "Mzee, humu ndani mna maiti?" Nikamwambia ni zawadi kutoka kwa mjukuu wangu msomi. Akasema, "Basi akifika chuo kikuu itabidi tubadilishe njia."

Mbwa watatu walinisindikiza mpaka nyumbani. Bi Pan alikuwa mlangoni kwake. Baruti za mgodi zimeniua masikio, lakini huyo hata nikizikwa nitamsikia. "Mzee Liao, umepata nini?" Nikamweleza. "Yaani watu wa mjini wamekula, wametema, na wewe unakwenda kutia mate yao kwenye mpunga?" Nikamwambia mpunga huo haumlishi yeye wala kuku wake, sasa mate yanamkera nini. Akafunga mlango. Shamba lake liko chini ya langu, maji yakitoka kwangu yanaingia kwake, kwa hiyo anajiona ana haki ya kuuliza.

Nimevipanga vifuko. Maji ni yale yale, rangi ya kutu, na juu yake ule utando unaong'aa kama jicho la samaki aliyeoza. Nilipiga baruti mgodini humo ujana wangu wote nikidhani siku ukifungwa utanyamaza. Haunyamazi. Unatukojolea mchana na usiku.

Chupa hizi hapa. Nimezibandika majina, kwa sababu kwa macho mimi sioni tofauti, na kwa pua ile ya chini ndiyo mbaya zaidi.

Jambo moja. Upike mchele wangu kwenye kopo lako, uutie kwenye mvuke pamoja na makopo ya wenzako. Usile wali wa jikoni. Wapishi wale hawaoshi mikono. Nimesema.

Babu yako


Bweni la Wasichana
19 Mei 2013

Babu mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu Fu alizipeleka chupa zako kwa rafiki aliyesoma naye, ambaye kazini kwake kuna mashine ya kupimia. Maji ya chini ya vifuko yana kadimi pungufu ya nusu ya yale ya juu. Nilimwomba Mwalimu anirudie kusoma, akarudia.

Alituonya tusishangilie. Udongo wa shamba umekunywa maji hayo kwa miaka mingi na hautasahau kwa msimu mmoja. Lakini maji yanayoingia sasa ni mengine, Babu, na ni wewe uliyeyafanya hivyo.

Vifuko vikishapata utelezi mweusi uvitoe, uweke vipya. Vya zamani viweke pembeni. Ninakutumia gunia jingine. Kondakta mwambie naomba radhi.

Mwenye kibanda kimoja, mama mwenye aproni ya mpira, alituuliza, "Nyie wasichana, kwenu hamlishwi?" Miaozhen akamjibu, "Tunalishwa, shangazi. Haya ni ya mwalimu." Akawaita jirani zake waje wawaone watoto wa shule inayolisha walimu maganda. Sasa anatuwekea ndoo ya peke yetu na anawakataza wateja kutemea humo. Wanatema tu. Jumapili iliyopita nilitia mkono nikashika kitu laini, nikadhani ni nyama iliyobaki kwenye mkia. Ilikuwa plasta ya kidonda, bado ina usaha. Niliosha mkono mpaka ngozi ikauma, na bado siku nzima nilikuwa nautazama kama mkono wa mtu mwingine.

Mchele unaisha haraka kuliko zamani. Ukiweza kuongeza kidogo nitashukuru.

Mjukuu wako,
Caiwei


Kijijini
16 Juni 2013

Weiwei,

Mchele nimeongeza. Kama unakula hivyo utarudi na mashavu, vizuri.

Nimeshapandikiza. Miche imeshika. Nimevitoa vifuko vya kwanza, na heri ungeniambia nishike nyoka. Vilikuwa vimevimba, vinateleza kama kamasi la mtoto mwenye mafua, na harufu badala ya kupungua imezaa. Nilipika chakula nikashindwa kukileta mdomoni kwa sababu mkono ulikuja nacho. Bi Pan alisimama kwenye tuta lake ameziba pua kwa kitambaa. "Na hivyo utavifanya nini sasa, mchuzi?" Nikamwambia nyumbani kwangu hakuna kinachopotea, si mfupa, si jivu, si mavi ya kuku. Mama yako alipoolewa hapa alishangaa kuona hata maji ya kuoshea mchele yana kazi yake na yana zamu yake.

Wewe nenda mjini Dongguan ukakae na wazazi wako likizo hii. Mwalimu wako atume magunia, mimi nipo. Mfereji sitauacha.

Mchicha umeanza vizuri mwaka huu, na pilipili pia. Utaona.

Babu yako


Bweni la Wasichana
9 Septemba 2013

Babu mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi shuleni. Baba na mama wanakusalimu. Wanafanya kazi zamu mbili kiwandani na chumba chao hakina dirisha, lakini wazima. Baba aliniuliza kama kweli mpunga mwaka huu utapita. Nikamwambia sijui, lakini maji ni safi kuliko yalivyokuwa yeye akiwa mtoto. Akasema akistaafu atarudi kulima.

Mtungi wako wa pilipili za kukatakata zilizolowekwa chumvi umefika. Tuliufungua Jumamosi, na wale wale waliotutolea viatu nje walikuja na bakuli zao. Chumba kizima kilikula mpaka maji ya chumvi. Yinghong, ambaye kwao wana duka na hasifu kitu, alisema hajawahi kuonja pilipili tamu hivyo, na akauliza unazitia mbolea gani.

Mwalimu Fu anataka vile vifuko vya zamani. Anasema ganda likishajaa metali halifai kukaa karibu na kisima wala kuku, na angependa kuvipima. Viko wapi? Vifunge vizuri umpe kondakta. Tayari anatuogopa, hatauliza.

Mpunga ukoje? Umeanza kuinama?

Mjukuu wako,
Caiwei


Kijijini
18 Septemba 2013

Weiwei,

Unauliza viko wapi. Viko bustanini. Kila nilipovitoa nilivianika juani, nikavitwanga kinuni, nikavifukia kwenye matuta ya mchicha na pilipili. Maganda na mifupa huenda bustanini. Baba yangu alifanya hivyo, na wewe ulikua ukinishikia ndoo. Uliandika "viweke pembeni". Kwetu pembeni ni wapi kama si bustanini?

Na uliniambia vinasafisha. Kinachosafisha kinageukaje sumu? Ungeniandikia mstari mmoja tu.

Baada ya barua yako nilikwenda kuyatazama matuta. Majani mapana kama sahani, mekundu ya kukolea, hayana hata tundu la mdudu. Majira yote ya joto nilijisifia hilo kwa Bi Pan. Sasa najiuliza wale wadudu walijua nini.

Mimi nimekula mchicha ule kila siku. Hilo silijali, kifua changu tayari kina nusu ya mgodi. Lakini mtungi nilikutumia wewe. Nilikata zile pilipili kwa mkono wangu, nikachagua nyekundu tupu. Tangu barua yako ifike kila ninachotia mdomoni kina ladha ya vifuko.

Na kwa kuwa tumeanza kuambiana. Unasema unapata kichefuchefu ukimwaza mtu wa mbali anayefunua sufuria. Si wa mbali. Mwaka juzi Kuang alinitambia kwamba amepata jiko kubwa lisilouliza maswali, linalolisha watoto mamia. Ni jiko la shule yako. Ndiyo maana nakutumia wa kaskazini, si kwa sababu ya mikono ya wapishi. Nilinyamaza. Nilijiambia wangu yuko salama, na hao wengine siwajui hata majina.

Ndivyo nilivyofikiri. Ukiniona mchafu una haki.

Watakuja kupima wiki ya pili ya Oktoba.

Babu yako


Bweni la Wasichana
30 Septemba 2013

Babu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuweza kushika kalamu na adabu kwa wakati mmoja.

Nianze na mtungi. Mwalimu Fu amepima pilipili zilizobaki chini, zina kadimi nyingi. Mchicha utakuwa umezidi, anasema, ni mboga inayovuta metali hiyo kuliko nyingine. Amesema kosa si lako. Ni lake, na ni langu. Metali haifi, Babu. Ganda haliiui, linaikamata tu, na mwenye kukamata anatakiwa ajue anampeleka wapi mfungwa wake. Sisi tulikutuma umkamate, hatukukuambia pa kumfungia. Tafadhali usile tena kitu chochote cha bustani hiyo. Chimba matuta yote, udongo na maganda utie kwenye mitungi yenye vifuniko. Mwalimu atakuja na gari la rafiki yake kuichukua, wanajua mahali panapopokea taka za sumu. Kula mara moja au mbili hakutatudhuru, anasema. Kinachodhuru ni kila siku.

Kila siku. Hapo ndipo nilipo mimi. Mchele wako wa kaskazini mimi siuli. Miaozhen kwao hawawezi kumnunulia tiketi za jikoni, humpa viazi vitamu vya wiki nzima tu. Kutia kopo kwenye mvuke ni bure, kwa hiyo mchele wako huupika yeye, na mimi hula jikoni kwa tiketi anazonilipia mama. Nimefanya hivyo tangu mwaka jana. Nilidhani ni mikono ya wapishi tu. Uliyekuwa unamlinda wakati wote huu ni msichana usiyemjua jina. Sasa unalijua.

Siku niliyopata barua yako niliingia jikoni na sahani. Wali ulikuwa mweupe, unatoa mvuke, kama kawaida. Mpishi akauliza, "Nikuongeze?" Nikatazama lile lundo. Sikuona punje, niliona ule utando wa mfereji wetu. Nilikwenda mezani nikawaambia wenzangu, "Mchele huu unatoka kijijini kwetu. Babu yangu anaulima. Sisi wenyewe hatuuli, una metali ya mgodi."

Walidhani natania. Yinghong akasema, "Kwa hiyo mnatulisha sisi."

"Ndiyo."

"Na zile pilipili?"

"Na pilipili. Hilo lilikuwa bahati mbaya, lakini na pilipili."

Akatema alichokuwa nacho mdomoni kwenye kiganja chake, akakiangalia. Kisha akasema polepole, "Na sisi tulidhani kinachonuka ni viatu vyenu." Wakahama meza. Miaozhen peke yake alibaki, na kopo lake mkononi, analia, maana alikuwa ameelewa alichokuwa akila na nilichokuwa nikila.

Mkuu wa shule aliniita. Alisema ninachafua jina la wilaya na kwamba magunia ya mchele wa jikoni yana mhuri wa ukaguzi. Mwalimu Fu alikuwepo. Hakubishana naye. Alipotoka alipitia jikoni, akachota konzi ya mchele akautia kwenye bahasha, akaenda nayo kwa rafiki yake mwenye mashine.

Babu, sikuoni mchafu peke yako. Najiona na mimi, niliyevaa viatu vilivyonunuliwa kwa mpunga huo. Watakuja kupima. Najua tukishindwa shamba limekwenda, na Kuang atafika siku hiyo hiyo na lori akupunguzie uchungu. Kama hujamuuzia, usimuuzie. Kama umeshamuuzia, niandikie upesi, kabla hawajapika.

Mjukuu wako,
Caiwei


Kijijini
27 Oktoba 2013

Weiwei,

Sijauza.

Matuta nimeyachimba. Mitungi yote ya mama yangu mzaa chema, aliyokuwa akitilia achari, imejaa udongo na imezibwa kwa nta. Mwalimu wako alikuja kuichukua. Kijana mdogo kumbe, nilidhani ana ndevu. Aliniinamia akaniomba radhi kwa sauti ya chini, kwenye sikio la kushoto, kwa hiyo sikusikia, lakini nilimwona. Nikamwambia hata mimi ningeweza kuuliza. Alitaka kukataa chai yangu, nikaona, nikamwambia maji ni ya chupa. Akanywa.

Watu wa wilaya walikuja wakakata mashuke ya mashamba yote ya mferejini. Majibu yamefika jana. Letu limeshuka sana, lakini bado liko juu kidogo ya kiwango. Msichana aliyekuja na karatasi alinionyesha kwa kidole, hapa ndipo mpaka, hapa ndipo wewe. Katikati hapatoshi hata ukucha. Nikamuuliza kama ukucha unahesabiwa. Akasema unahesabiwa. Nilitia sahihi. Kuanzia mwakani ni nyuzi za magunia. Nimewaomba wasiguse mdomo wa mfereji, pale penye vifuko, wakakubali na wakaandika.

Nilikaa pale kwenye tuta mpaka miguu ikafa ganzi. Si lazima nikueleze.

Kuang alikuja mchana, kama ulivyosema, lakini hakuja kwa upole. Jiko la shule limemrudishia magunia yake. Bahasha ya mwalimu wako imefika mahali. "Mzee Liao," akasema, "mjukuu wako amenifungia mlango. Angalau unipe huu wako, nikauze kwingine. Umepungua sana, nimesikia. Nikiuchanganya na mwingine hakuna atakayejua."

"Wewe utajua."

"Mimi nimejua miaka yote, na nalala vizuri."

"Nyumbani unakula upi?"

Akanitazama kama nimemuuliza habari za chupi ya mkewe. Nikamwambia aingie, nimpikie bakuli la huu uliopungua sana, tukimaliza kula tutaongea bei. Alisema ana haraka. Alikuwa na haraka kweli, alisahau kufunga mlango wa nyuma wa lori.

Mpunga wetu wameuchukua watu wa wilaya. Wanasema utakwenda kuchemshwa uwe spiriti ya viwandani. Panya waliuonja kwanza, hao hawajapelekewa karatasi.

Mchele wa kaskazini nimetuma magunia mawili. Moja lina jina lako, jingine nimeandika Miaozhen kwa herufi kubwa. Mwambie asilie juu ya chakula, wali unaingia maji.

Sasa sikiliza hili. Shamba la Bi Pan limepita. Miaka yote shamba langu ndilo lililopokea uchafu wa kwanza, lake lilipata masalia, kwa hiyo udongo wake haukuharibika kama wangu. Maji ya mwaka huu yalimtosha. Karatasi yake alitembea nayo kijiji kizima. Nilisikia kelele, nikajifanya sisikii.

Leo jioni mguu umemleta Bi Pan mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa na bakuli, amelifunika kwa sahani.

"Kula," akasema.

"Wa nani?"

"Wa kwangu. Wa shamba la chini."

"Wewe umekula?"

"Nakusubiri uanze."

"Kwa nini mimi?"

"Kama ni mate ya watu, aliyeyaleta ni wewe."

Nikaleta vijiti vya kulia, viwili viwili. Tulikula tumesimama pale pale mlangoni, kutoka bakuli moja. Yeye alitafuna kwanza kwa meno ya mbele, kama mtu anayetafuta mchanga, kisha akameza, kisha akageuka akatazama upande wa mlima ili nisimwone uso. Wali ulikuwa umeungua chini. Hajawahi kujua kupika, tangu ujana wake. Sikumwambia. Nilimuuliza kama umebaki mwingine.

Babu yako